Safu Sifuri

Niliingia katika kazi ya usalama wa mifumo kwa mlango wa ripoti. Miaka yangu ya kwanza kazini, hapa Dar es Salaam, nilikuwa yule kijana anayepigiwa simu kila mwisho wa mwezi: meneja anataka kujua tawi gani limelegeza marejesho, mhasibu anataka orodha ya wakopaji waliopitisha siku tisini bila kulipa, mkurugenzi anataka vyote viwili kabla ya kikao cha asubuhi. Kazi hiyo haikuwa na sifa yoyote mtaani. Lakini ndiyo iliyonifundisha SQL, lugha ya kuuliza kanzidata, mpaka nikawa naiandika bila kufikiri, na ndiyo iliyonifundisha kwamba kanzidata haijibu ulichokusudia, inajibu ulichouliza.

Baadaye nilihamia kampuni ya malipo ambayo mifumo yake yote ilikuwa kwenye wingu. Huko nilikuta dunia nyingine. Zamani seva ilikuwa kasha la chuma ndani ya chumba chenye kiyoyozi, na ukitaka kujua unazo ngapi unafungua mlango unahesabu. Kwenye wingu seva ni maandishi. Fundi anaandika katika faili kwamba anataka seva ya ukubwa fulani, diski ya gigabaiti mia moja, mtandao wenye kanuni hizi na hizi za nani apite na nani azuiwe. Programu inasoma faili hilo, inaongea na kampuni ya wingu, na baada ya dakika chache vitu vyote vipo, vinafanya kazi na vinatozwa pesa. Programu tuliyoitumia sisi ni Terraform, iliyotolewa na HashiCorp mwezi Julai 2014, na ndiyo mafundi wengi wa wingu wanayoijua.

Uzuri wa kuandika miundombinu kwa msimbo hauna ubishi. Kila badiliko lina mwenyewe, lina tarehe, na linaweza kurudishwa nyuma. Tatizo ni wingi. Kampuni ikishakuwa na miaka mitatu minne, mafaili hayo yanakuwa mamia, yametawanyika katika mafolda ya timu tofauti, yameandikwa na watu ambao nusu yao wameshaondoka. Humo ndani mstari mmoja ukisema mlango wa kanzidata uwe wazi kwa intaneti nzima, mlango unafunguka kweli. Hakuna atakayepiga kelele, kwa sababu mfumo unafanya kazi vizuri kabisa. Huo ndio ugumu wa usanidi mbovu: hauleti hitilafu. Wateja wanalipa, ripoti zinatoka, na mlango uko wazi.

Namna yetu ya kukagua ilikuwa macho. Mtu anasoma msimbo wa mwenzake kabla haujaunganishwa, na mara moja moja tunatafuta neno ndani ya mafaili yote, tuseme 0.0.0.0/0, anwani inayomaanisha mtu yeyote kutoka popote. Kutafuta neno kunasaidia, lakini kunachosha. Utapata matokeo mia na ushei, mengine ni ya mawasiliano yanayotoka na si yanayoingia, mengine ni maelezo ya fundi aliyeandika «tusiweke 0.0.0.0/0 hapa». Neno umelipata, maana yake bado.

Ndipo mwenzangu mmoja aliponionyesha Steampipe, programu ya msimbo wazi ambayo kampuni ya Turbot iliitoa mwaka 2021. Ndani yake kuna PostgreSQL, kanzidata ileile niliyoizoea, yenye uwezo wa kufanya kitu kilichoko nje kionekane kama jedwali lake. Kitu hicho chaweza kuwa akaunti ya wingu, chaweza kuwa folda la mafaili ya Terraform. Ukielekeza kwenye folda, kila rasilimali iliyotamkwa humo inageuka safu moja ya jedwali: jina lake, aina yake, faili ilimo, mstari inapoanzia, na sifa zake zote zimefungwa pamoja katika kolamu moja ya JSON, muundo wa kuandika data kwa maandishi. Sikuhitaji kujifunza lugha mpya. Niliuliza kama nilivyokuwa nikiuliza habari za wakopaji.

Ukitazama nyuma, mambo hayo yalikuwa yanasogeleana kwa muda mrefu. Edgar Codd wa IBM aliandika mwaka 1970 kwamba data ikae katika majedwali, na mtumiaji aseme anataka nini bila kujua imehifadhiwaje. Miaka minne baadaye Donald Chamberlin na Raymond Boyce, nao wa IBM, wakatoa lugha iliyokuja kuitwa SQL. Mwaka 2014, mwaka uleule wa Terraform, Facebook walitoa osquery, inayokuwezesha kuuliza kompyuta kwa SQL programu gani zinaendeshwa na poti gani zimefunguliwa. Na Desemba mwaka huohuo PostgreSQL 9.4 ikaja na aina ya data ya jsonb, inayoruhusu kuchokonoa JSON kwa kasi. Kilichobaki kilikuwa mtu wa kuviunganisha.

Furaha ya mwanzo naikumbuka. Swali la diski ambazo hazijasimbwa, yaani ambazo data yake haijageuzwa fumbo lisilosomeka bila ufunguo, lilikuwa limeandikwa na fundi ambaye baadaye aliondoka. Lilikuwa hivi:

select name, path, start_line
from terraform_resource
where type = 'aws_ebs_volume'
and arguments ->> 'encrypted' = 'false';

Mistari minne, na jibu linakuja na jina la faili pamoja na namba ya mstari. Kazi iliyokuwa ikimaliza siku nzima ilikwisha kabla chai haijapoa. Ripoti ya kila mwezi ikawa inatoka yenyewe: diski zisizosimbwa, 4. Mafundi walipewa hizo nne wazishughulikie, na uongozi ukaridhika.

Kisha akaja mkaguzi wa nje. Alikuwa mama wa rika la mama yangu, mhasibu wa zamani, na kwa maneno yake mwenyewe wingu analolijua ni lile la masika. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akavuta kiti karibu na skrini yangu badala ya kukaa chumba cha mikutano alichoandaliwa.

«Hizi diski nne nimeziona,» akasema. «Zote kwa jumla ni ngapi?»

Nikaondoa sharti la mwisho, nikauliza upya. Arobaini na moja.

«Na zilizosimbwa?»

Nikabadilisha neno moja tu, nikaweka 'true' mahali pa 'false'. Kumi na tisa.

Akaandika kwenye daftari lake kwa kalamu, namba chini ya namba, akapiga mstari. «Kumi na tisa na nne ni ishirini na tatu. Mwanangu, hesabu hizi hazioani. Kumi na nane ziko wapi?»

Kijana mwenzangu aliyekuwa nyuma yetu akasema huenda programu ina kasoro. Mama hakugeuka. «Programu mimi siijui. Ninachojua ni kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa kuna mali kumi na nane zisizo na daftari.»

Programu haikuwa na kasoro. Zile diski kumi na nane hazikusema lolote. Aliyeziandika hakuweka 'true' wala 'false'. Hakugusa kabisa sifa ya usimbaji, na Terraform haimlazimishi. Katika jedwali, mahali pake palikuwa NULL, utupu. Na kwa SQL utupu si «hapana». Mantiki yake ina majibu matatu: kweli, si kweli, na haijulikani. Ukiuliza kama utupu ni sawa na 'false', jibu ni haijulikani. Ukiuliza kama ni sawa na 'true', jibu ni lilelile. Hata ukiuliza kama ni tofauti na 'true', bado haijulikani. Na sharti la where hupitisha kilicho kweli peke yake. Mwalimu akiingia darasani akauliza «nani hayupo?», watoro hawatanyoosha mkono, ni lazima awe na orodha ya majina. Swali letu lilikuwa likiuliza nani hayupo.

Dawa yenyewe ni fupi. PostgreSQL ina namna ya kulinganisha inayouhesabu utupu kuwa kitu: unaandika is distinct from 'true', na chochote ambacho si 'true', kiwe 'false' au kimya, kinajitokeza. Tuliendesha swali jipya, zikaja safu ishirini na mbili. Ishirini na mbili na kumi na tisa ni arobaini na moja. Mama akatia alama ya vema kwenye daftari lake, akauliza swali la pili ambalo nalo sikulitarajia: «Sasa hizo kumi na nane zilizonyamaza, huko ziliko zimesimbwa au hazijasimbwa?»

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba faili ni tamko, na wingu ndilo lenye hali halisi. Amazon, ambao wingu lao ndilo tulilotumia, wana swichi ya akaunti, waliyoiweka mwaka 2019, inayosimba kila diski mpya hata kama aliyeiomba hakusema. Swichi hiyo huwashwa kwa kila kanda (yaani eneo lenye vituo vyake vya data) peke yake, na haizigusi diski zilizokuwepo kabla yake. Sisi tulikuwa na vitu katika kanda mbili: Cape Town, iliyofunguliwa mwaka 2020, na Ireland. Steampipe inaweza kuuliza akaunti hai ya wingu kama inavyouliza mafaili, hata ndani ya swali moja, kwa kuunganisha jedwali la upande huu na la upande ule. Tukaunganisha. Diski kumi na moja zilikuwa Cape Town, ambako swichi iliwashwa tangu mwanzo, zimesimbwa zote. Saba zilikuwa Ireland, ambako haikuwashwa kamwe, na zilikuwa uchi. Mbili kati ya hizo saba zilibeba nakala za miamala ya wateja.

Kuzipata kulichukua asubuhi moja. Kuzitengeneza kulichukua muda mrefu zaidi, na hili watu hawalisemi vya kutosha wanaposifia maswali ya aina hii. Diski iliyokwisha kuumbwa bila usimbaji haibadilishwi palepale. Unapiga picha ya data yake, unanakili picha hiyo kwa kuisimba, unaumba diski mpya kutokana na nakala, unaihamisha seva. Fundi mwenye haraka akienda kwenye faili na kuongeza encrypted = true, kisha akakubali mpango bila kuusoma, Terraform itatii: itaibomoa diski ya zamani na kuumba mpya iliyosimbwa, tupu. Kanzidata za RDS, huduma ya kanzidata ya Amazon, ni hivyohivyo. Kwa hiyo orodha inayotoka kwenye swali usimkabidhi mtu kama orodha ya manunuzi. Kila safu inahitaji mtu anayejua kilichomo ndani, saa ambayo kikiguswa hakitaumiza, na njia ya kurudi nyuma.

Baada ya ukaguzi ule tulikaa na maswali yote tuliyorithi, tukayapitia moja moja kwa jicho la yule mama. La milango ndilo lililonifunza zaidi. Liliuliza kanuni zinazoruhusu intaneti nzima kuingia poti 22, ambayo mafundi huitumia kuingia ndani ya seva kutoka mbali. Lilikuwa likirudisha safu sifuri, na safu sifuri ilikuwa ikipokelewa kwa makofi.

Lakini poti 22 inaweza kufunguliwa bila namba 22 kuandikwa popote. Kanuni inayofungua kuanzia 0 hadi 65535 imeifungua. Kanuni yenye itifaki «-1», maana yake itifaki zote, imeifungua. Kanuni inayotumia anwani za kizazi kipya, ::/0, imeifungua kwa ulimwengu uleule kwa jina jingine. Na kanuni yenyewe si lazima iandikwe ndani ya kikundi cha usalama, yaani fungu la kanuni za nani apite; Terraform inaruhusu iandikwe peke yake kama rasilimali ya aina nyingine, na swali linalotazama aina ya kwanza tu halitaiona. Kuna pia kigeu: fundi haandiki anwani, anaandika jina la kigeu, na thamani yake iko kwenye faili jingine au inatolewa wakati wa kuendesha. Kwenye jedwali unaona jina, huoni anwani. Na tamko moja lenye count = 3 ni safu moja kwenye jedwali la mafaili, ilhali huko wingu ni vitu vitatu.

Mambo hayo ya mwisho hayatibiki kwa kuboresha swali peke yake. Lazima ubadilishe unachokiuliza. Terraform kabla ya kutenda hutoa mpango, na mpango huo unaweza kuandikwa kwa JSON, vigeu vikiwa vimeshajazwa thamani zake zinazojulikana na hesabu zikiwa zimeshakunjuliwa. Tulianza kuuliza mpango badala ya mafaili matupu, na mambo yaliyokuwa yamejificha nyuma ya majina yakaonekana. Kwa hiyo tukawa na ngazi tatu: mafaili yanasema fundi ametaka nini, mpango unasema nini kitafanyika, akaunti hai inasema nini kipo. Tofauti kati ya ngazi hizo nayo ni habari. Kitu kilichoko wingu lakini hakimo kwenye mafaili kina maana kwamba mtu aliingia kwenye dashibodi akabofya kwa mkono, na mara nyingi ni usiku mfumo ulipokuwa umelala na kila mtu anataka urudi.

Siku nyingine kosa lilikuja kwa upande wa pili. Februari 2022 sehemu ya Terraform inayoshughulikia Amazon ilitoka toleo la 4, na ndani yake mipangilio ya baketi za S3, hifadhi ya mafaili ya Amazon, ilitenganishwa. Awali usimbaji, matoleo ya zamani na ruhusa viliandikwa ndani ya tamko la baketi lenyewe. Sasa kila kimoja kikawa rasilimali yake, inayoitaja baketi kwa jina. Timu zilizohamia mtindo mpya ziliandika kila kitu sawasawa, na swali letu, lililokuwa likitazama ndani ya baketi, likaanza kuzituhumu zote. Ripoti ikajaa wekundu. Wiki ya kwanza mafundi walilalamika. Wiki ya pili wakaacha kuisoma. Tulipoliandika upya kwa kuunganisha jedwali la baketi na la usimbaji, wekundu uliisha, ila imani ya mafundi ilichukua muda mrefu zaidi kurudi. Mwaka 2023 Amazon wenyewe walianza kusimba kila kitu kipya kinachowekwa kwenye S3 bila kuulizwa, na swali hilo likapoteza sehemu kubwa ya uzito wake. Maswali ya usalama huzeeka. Anayeyatunza lazima ajue dunia imesogea wapi.

Kuna zana nyingi zenye maswali yaliyokwisha andikwa: Checkov, Trivy, KICS na nyinginezo. Nazitumia na namshauri kila anayeanza aanze nazo, kwa sababu zimekusanya maarifa ya watu wengi. Hata hivyo kanuni nyingi za zana hizi hutazama rasilimali moja moja, na hatari kubwa mara nyingi huishi kati ya rasilimali mbili.

Mfano ni ule wa benki ya Marekani, Capital One. Julai 2019 ilitangaza kwamba taarifa za watu wapatao milioni 100 wa Marekani na milioni 6 wa Kanada zilikuwa zimechukuliwa kutoka kwenye wingu. Mvamizi alipitia ngome ya programu za wavuti iliyosanidiwa vibaya, akapata kupitia hiyo vitambulisho vya muda vya seva, na vitambulisho hivyo vilikuwa na ruhusa ya kuorodhesha baketi na kusoma vilivyomo. Mwaka uliofuata mdhibiti wa mabenki alitoza faini ya dola milioni 80. Ngome peke yake, bila ruhusa ile pana, isingetoa data. Ruhusa pana peke yake, bila mtu kuifikia kutoka nje, ingekaa kimya miaka. Swali lenye maana hapo ni la kuunganisha: nionyeshe seva zinazofikika kutoka intaneti, jukumu (yaani fungu la ruhusa) lililopewa kila moja, na baketi ambazo jukumu hilo linaweza kusoma. Hiyo ni kazi ya majedwali matatu na join mbili, na ndiyo sababu ninaipenda SQL kwa shughuli hii.

Na kuna jambo jingine kuhusu benki hiyo. Ndiyo iliyotengeneza Cloud Custodian, programu ya kusimamia kanuni za wingu, na kuitoa kwa ulimwengu mwaka 2016, miaka mitatu kabla ya mkasa. Kuwa na chombo cha kuulizia hakutoshi, hata kama umekiunda mwenyewe. Linalokulinda ni swali linalofika pale penye tundu.

Kwa miaka iliyofuata tulijenga desturi chache ambazo nimezibeba kila nilikofanya kazi. Ya kwanza: hakuna ripoti inayotoka bila jumla. Kila swali hutoa hesabu nne, waliosema ndiyo, waliosema hapana, walionyamaza, na wote kwa pamoja, na tatu za kwanza zikijumlishwa lazima ziwe sawa na ya nne. Ya pili: kila swali lina faili lake chafu, lililoandikwa kwa makusudi likiwa na kila namna ya kosa tunayoijua, mlango wa 22 kwa namba, kwa masafa, kwa itifaki zote, kwa anwani mpya. Swali likirudisha safu sifuri juu ya faili hilo, swali ndilo bovu na halitumiki mpaka litengenezwe. Ya tatu: maswali huendeshwa kabla msimbo haujaunganishwa, fundi akiwa bado anakumbuka alichokuwa akikifanya, wala si mwisho wa robo mwaka.

Ya nne ilizaliwa na ugomvi. Kuna milango ambayo lazima iwe wazi. Tovuti ya wateja lazima ifikike kutoka intaneti. Zamani udhuru wa namna hiyo ulikaa kichwani mwa mtu au kwenye barua pepe. Tukautengenezea jedwali: rasilimali gani, sababu gani, nani ameidhinisha, mpaka tarehe gani. Swali linaunganishwa na jedwali hilo, na kilichosamehewa hakionekani kwenye ripoti mpaka tarehe yake ipite. Siku ikipita, kinarudi chenyewe na jina la aliyekiidhinisha. Meneja mmoja alikuja juu akidai tunamwaibisha. Tukamwonyesha sahihi yake na tarehe aliyoichagua mwenyewe, na mlango ukafungwa wiki hiyohiyo.

Nimesema haya yote kwa lugha ya mafundi, lakini aliyeliona tundu letu hakuwa fundi. Yule mama hakujua Terraform, hakujua kanda ya Ireland iko wapi, na hakuwahi kusikia NULL. Alijua kwamba sehemu zikijumlishwa lazima zifike jumla. Kabla hajaondoka aliniomba nimwandikie lile swali kwenye karatasi, na alipokuja mwaka uliofuata alikuwa ameshajifunza kuandika lake mwenyewe. Aliomba akaunti ya kusoma tu, akapewa, akakaa pembeni na miwani yake akiuliza polepole. Maswali yake yalikuwa na sarufi ya mwanafunzi, lakini hayakuwa na huruma.

Nchi zetu sasa zina sheria kuhusu mambo haya. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Zote zinamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde, na kulinda kunaanza na kujua unacho nini na kiko katika hali gani. Wasomi wa uhasibu, ukaguzi na TEHAMA tunaowatoa vyuoni kila mwaka wengi wameshapitia SQL. Wanachokosa ni kuambiwa kwamba milango ya kampuni nayo inaweza kuulizwa kwa lugha hiyohiyo, na kwamba ruhusa ya kuuliza ni haki yao kama ilivyo haki yao kufungua leja.

Basi wewe unayekaa kwenye bodi, au unayekagua, au unayesaini ripoti ya usalama bila kujua iliandikwaje: ukiletewa karatasi inayosema tatizo hakuna, safu sifuri, usipige makofi bado. Uliza ni sifuri kati ya ngapi. Uliza walionyamaza wamehesabiwa upande gani. Uliza swali hilo lilipojaribiwa juu ya faili chafu lilisema nini. Anayejua kazi yake atakujibu papo hapo. Asiyeweza kukujibu, ripoti yake mrudishie.